Makala ndefu ya historia: niikate katika kurasa kadhaa au niiache kwenye ukurasa mmoja?

Mwanakariakoo

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kuandaa maandishi marefu ya kusomwa mtandaoni. Nimekamilisha makala ya historia ya Kariakoo ambayo imefikia maneno yapatayo elfu saba, pamoja na picha ishirini na mbili, nyingi zikiwa za zamani ambazo nilizipitisha kwenye skana kwa idhini ya wenyewe, na ramani moja ya mitaa niliyoichora mwenyewe. Inaanza na Mzizima, kijiji kilichotangulia jiji la Dar es Salaam, na ujio wa Sultani Majid katika miaka ya 1860, inapita kwenye utawala wa Wajerumani, ambao mwaka 1891 walihamishia makao yao makuu Dar es Salaam kutoka Bagamoyo, inaeleza kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kisha inashuka kwenye kuzaliwa kwa Yanga mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kuanzishwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954, na jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975 na kuungua Julai 2021. Mwishoni kuna tanbihi zaidi ya arobaini, maana sikutaka mtu aniulize nimeyatoa wapi.

Tovuti yangu inaendeshwa kwa WordPress, programu ya kutengeneza na kuendesha tovuti. Kabla ya kuitangaza makala niliwatumia kiungo watu wachache wa karibu, na majibu yao yamenichanganya. Shangazi yangu wa Tandika, ambaye husoma kila kitu kwa simu, amelalamika kwamba ukurasa unachelewa kufunguka na kwamba bando lake lilikata akiwa bado kwa Wajerumani. Rafiki yangu mwingine hakuwa na shida ya bando, ila alisema alipoona jinsi ukurasa unavyoteremka bila kikomo alikata tamaa, akanishauri niukate vipande. Kijana anayenisaidia mambo ya matangazo naye ananisukuma nitoe kurasa saba au nane, kwa hoja kwamba kila ukurasa unaofunguliwa unaleta nafasi mpya ya tangazo.

Mimi binafsi nasita, kwa kuwa niliiandika kama simulizi moja inayoshikana. Je, kukata makala kunaifanya iwe nyepesi kweli? Kama ni kukata, nikate wapi, na kwa njia gani ndani ya WordPress? Na Google itaichukuliaje makala moja iliyokaa kwenye anwani saba?

Fundi wa Gerezani

Ndugu Mwanakariakoo, hongera kwa kazi. Shangazi na rafiki yako hawalalamikii jambo moja, na nadhani hapo ndipo ulipochanganyikiwa. Shangazi analalamikia uzito, rafiki analalamikia kupotea njia, na kukata kurasa hakutibu uzito hata kidogo.

Tuanze na uzito. Maneno elfu saba ya Kiswahili, ukihesabu nafasi na vituo vyake, ni kama kilobaiti hamsini, na seva nyingi huyabana maandishi kabla ya kuyatuma, kwa hiyo yanayofika kwenye simu ni chini ya nusu ya kiasi hicho. Picha moja iliyotoka kwenye skana na kuhifadhiwa kama PNG, kwa upande mwingine, inaweza kufika megabaiti tano peke yake, yaani mara mia ya maandishi yote uliyoyaandika. Nimeifungua makala yako kwenye kompyuta na kuzitazama picha chache: ile ya wanaume waliosimama mbele ya duka la vitambaa ina upana wa pikseli zaidi ya elfu nne, wakati skrini ya simu ya Shangazi haiwezi kuonyesha hata robo ya upana huo. Ukiigawanya makala kurasa saba bila kugusa picha hizo, msomaji atakayefika mwisho atakuwa amelipia megabaiti zile zile, na juu yake atakuwa amesubiri mara saba kichwa cha tovuti, menyu na matangazo, hata kama kivinjari hutunza baadhi ya vitu hivyo ili kisivipakue upya.

Kwa hiyo anza na picha. Zipunguze mpaka upana wa pikseli 1200, zihifadhi kama JPEG kwa ubora wa takriban 75, kazi ambayo GIMP, programu ya kuhariri picha, inaifanya bila malipo, na kwa kawaida kila moja itashuka hadi kilobaiti mia na hamsini, mia mbili, au mia mbili na hamsini ikiwa ina mambo mengi ndani yake. Tovuti yako ikiwa na WordPress 5.8 ya mwaka 2021 au ya baadaye, unaweza pia kutumia WebP, aina nyingine ya faili la picha, ambayo hubana zaidi ya JPEG. Ramani yako tu ndiyo uiache katika PNG, kwa sababu JPEG huchafua kingo za mistari myembamba na majina ya mitaa yataonekana kama yamelowa.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2020, WordPress yenyewe huiagiza picha isubiri mpaka msomaji aikaribie, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtu anayesoma nusu akaacha. Lakini mpangilio huo unataka kila picha iwe na vipimo vya upana na urefu ndani ya msimbo. Vikikosekana, kivinjari hakijui kitenge nafasi kiasi gani, na msomaji akiwa katikati ya sentensi picha inafika, maandishi yanaruka chini, naye anaanza kutafuta alipokuwa. Kwenye makala yako nimeliona hilo kwenye picha mbili za sehemu ya soko, ambazo nadhani ulizibandika kwa kuandika msimbo kwa mkono.

Malalamiko ya rafiki yako yanamalizwa na orodha ya yaliyomo mwanzoni, yenye viungo vinavyomrusha msomaji moja kwa moja kwenye kichwa kidogo anachokitaka. Kwenye kihariri cha WordPress bofya kichwa kidogo, fungua mipangilio ya ziada upande wa kulia, na ukipe nanga, kwa mfano "soko" au "wapagazi". Kiungo chenye alama ya reli na neno hilo kitampeleka pale pale. Makala yako sasa ina vichwa vidogo vinne tu kwa maneno elfu saba, jambo ambalo lingemchosha hata msomaji wa kitabu.

Binti Mbagala

Kaka Fundi, kuhusu picha sina ubishi. Ila naona umelipita haraka suala la kurasa, na mimi nina sababu za kulitetea kwa sababu usomaji wangu karibu wote hufanyika nikiwa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa.

Simu zetu nyingi zina kumbukumbu ndogo. Unasoma makala ndefu, ujumbe wa WhatsApp unaingia, unaujibu, unapiga simu moja, na ukirudi kwenye kivinjari ukurasa unajipakua upya kuanzia mwanzo. Wakati mwingine kinakurudisha karibu na ulipoishia, wakati mwingine kinakutupa juu kabisa, hasa kama picha bado hazijafika na urefu wa ukurasa haujatulia. Makala ikiwa na kurasa nne, mimi najua kwamba nilikuwa ukurasa wa tatu, na hata simu ikizima kabisa narudi hapo kwa mguso mmoja. Nanga unazozisema zinasaidia, nakubali, lakini zinamtaka msomaji akumbuke jina la sehemu aliyokuwa akisoma na apande mpaka juu kulitafuta kwenye orodha.

Pia tusisahau kwamba wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na magazeti yenye hadithi za mfululizo, ambazo huishia pale mambo yanapopamba moto na kuandikwa "itaendelea". Kukatishwa njiani hakumkeri msomaji huyo kama palipokatwa pamechaguliwa kwa akili. Kinachokera ni kukatwa katikati ya hoja, halafu ukurasa unaofuata ukawa na aya mbili na matangazo matano.

Kwa hiyo, ndugu Mwanakariakoo, ukiamua kukata, kata kurasa tatu au nne, zisifike saba, na kila ukurasa uwe na kitu cha kumshibisha mtu. Vilevile angalia namba za kurasa zinavyoonekana kwenye simu. Kwenye tovuti moja ninayoipenda zimewekwa chini kabisa, ndogo kama tarehe ya chini ya risiti, na zimebanana kiasi kwamba nikigusa mbili inafunguka tatu. Weka kitufe kipana kilichoandikwa "Endelea", na pembeni yake jina la sehemu inayofuata, kwa mfano "Endelea: Kambi ya wapagazi". Namba tupu haimwambii mtu kitu.

Mwalimu Chang'ombe

Vijana wangu, mmezungumza vizuri kuhusu simu. Nami niongezee upande wa wanaoisoma makala kama hii kwa ajili ya kazi, kwa maana historia ya Kariakoo haitasomwa na Shangazi peke yake. Itasomwa na mwanafunzi wa sekondari aliyepewa zoezi, na mwanachuo anayetafuta pa kuanzia, na hao wana tabia zao.

Tabia ya kwanza ni kuchapa. Nendeni steshenari yoyote iliyo karibu na chuo muone: kijana anafika na kiungo kwenye simu, anamtumia mwenye duka, naye anachapa. Makala ikiwa kwenye ukurasa mmoja, kazi inaisha mara moja. Ikiwa kwenye kurasa saba, mwenye duka anafungua kiungo cha kwanza, anachapa, na mwanafunzi anaondoka na sehemu ya kwanza akidhani ndiyo makala yote, kwa sababu chini ya karatasi hakuna kinachomwambia kwamba kuna ya pili. Nimepokea kazi za wanafunzi zilizonukuu mwanzo tu wa makala ndefu kwa sababu hiyo hiyo, na hoja iliyokuwa ikijengwa ikaonekana imegeuka kichwa chini. Kama utakata, basi andaa pia faili moja la PDF lenye kila kitu, na kiungo chake kiwe juu, mahali pa kuonekana.

Tabia ya pili ni kutafuta neno. Anayetaka kujua umeandika nini kuhusu TANU hatasoma maneno elfu saba. Atafungua ile sehemu ya kivinjari ya kutafuta katika ukurasa, ataandika "TANU", na kuruka kutoka mahali hadi mahali. Ukiikata makala, kivinjari kitatafuta kwenye ukurasa alioufungua tu, kitamjibu kwamba hakuna kitu, naye ataondoka akiamini hivyo.

Halafu kuna tanbihi, ambazo hakuna aliyezigusa hadi sasa. Tanbihi zako zimekaa mwisho wa makala, na namba iliyo ndani ya aya ni kiungo kinachoshuka hadi kwenye maelezo yaliyo chini ya ukurasa huo huo. Ukikata kurasa, maelezo yote yatabaki kwenye ukurasa wa mwisho, na namba 5 iliyo kwenye ukurasa wa kwanza itakuwa inaelekeza mahali ambapo hapapo. Msomaji atabofya na hakitatokea chochote. Kwa makala ya burudani hilo ni dogo. Kwa makala ya historia ambayo nguvu yake yote ni ushahidi, mimi nisingelikubali.

Sasa nije kwenye swali la wapi pa kukata, ambalo kwangu ndilo lenye uzito. Nimeisoma makala yako yote. Sehemu ya Majid, sehemu ya Wajerumani na sehemu ya kambi ya wapagazi ni hoja moja: unaeleza jinsi ardhi ile ilivyobadilika mikono na matumizi hadi ikawa mtaa wa Waafrika wenye njia zilizonyooka, na kila hatua inahitaji ile iliyotangulia. Ukikata hapo katikati umeharibu. Soko la 1975 linaendelea na hoja hiyo, kwa kuwa unarudi kueleza kwa nini soko lilisimama pale liliposimama na si kwingineko. Lakini sehemu ya Yanga na Simba, ambayo naona imechukua zaidi ya maneno elfu moja na mia tano, inasimama kwa miguu yake yenyewe. Ina wahusika wake, ina mitaa yake ya Jangwani na Msimbazi, na anayeitafuta hatafuti habari za Sultani Majid. Hiyo usiifanye ukurasa wa nne wa kitu kingine. Ipe kichwa chake, utangulizi wake wa aya moja, na iwe makala kamili, kisha kwenye makala kubwa uache aya fupi yenye kiungo. Mtu wa mpira ataifikia moja kwa moja, na makala kubwa itapungua bila kukatwa mahali popote.

Sehemu ya TANU sikushauri uitoe. Inaonekana kama ingeweza kujitegemea, lakini uliyoyaandika ni juu ya nyumba na watu wa mitaa ile kuliko juu ya chama, na nje ya Kariakoo itakuwa habari fupi ambayo kila mtu anaijua.

Kuhusu kijana wa matangazo, mwambie kwamba msomaji anayebofya mara saba ili kusoma kitu kimoja anahesabiwa mara saba kwenye takwimu, lakini ni mtu yule yule na amechoka.

Fundi wa Gerezani

Mwalimu, shikamoo. Suala la tanbihi limeniponyoka kabisa, na peke yake lingetosha kuamua.

Dada Binti Mbagala, hoja yako ya simu kujipakua upya ni ya kweli na siipingi. Ningesema tu kwamba picha zikiwa nyepesi na zenye vipimo, kivinjari kina nafasi kubwa zaidi ya kumrudisha mtu pale alipoishia, kwa kuwa urefu wa ukurasa unakuwa umejulikana kabla picha hazijafika. Na kero ya kupanda juu kuitafuta orodha inaondoka ukiweka kiungo kidogo cha "Yaliyomo" mwishoni mwa kila sehemu.

Hata hivyo kuna wengine watakaousoma uzi huu wakiwa na makala za aina nyingine, kwa mfano mafunzo ya hatua kwa hatua ambayo mtu husoma sehemu moja kwa wiki, na hao huenda wakahitaji kurasa kweli. Kwa hiyo nijibu na maswali ya ufundi yaliyobaki.

Ndani ya WordPress njia ni rahisi. Kwenye kihariri cha sasa unaongeza bloku iitwayo Page Break mahali unapotaka ukurasa uishe. Kwenye kihariri cha zamani unaandika nextpage, herufi ndogo zote na neno moja, ndani ya alama za maoni za HTML. Usiichanganye na bloku ya More, ambayo kazi yake ni kufupisha makala kwenye ukurasa wa mbele wa tovuti, na mtu akishaifungua makala anaikuta nzima. Sehemu ya pili itapata anwani ile ile ya makala ikiwa na namba 2 mwishoni, ya tatu namba 3, na kuendelea. Baadhi ya violezo, yaani faili zinazopanga mwonekano wa tovuti, hasa vilivyotengenezwa kwa haraka, havina ile amri ya wp_link_pages ambayo ndiyo inayochora namba za kurasa. Ukitumia kiolezo cha namna hiyo, ukurasa wa kwanza utaisha na msomaji hataona pa kubofya, na wewe utadhani makala imepotea. Jambo jingine ni kwamba maoni ya wasomaji yatajitokeza chini ya kila ukurasa, yote, hata yale yanayohusu sehemu ambayo msomaji hajaifikia.

Kilicho kibaya zaidi kwa maoni yangu ni kuhusu viungo vilivyokwisha kusambaa. Chukulia mtu ameisambaza anwani yenye namba 3 kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wake, kwa sababu babu yake ametajwa humo. Mwezi unaofuata wewe unaongeza aya nne mwanzoni na kuhamisha mahali pa kukata. Anwani yenye namba 3 bado inafunguka, lakini babu amehamia ukurasa wa pili, na kila atakayebofya kiungo kile atakuta habari nyingine. Nanga hazina tabia hiyo: kichwa kidogo kikihama, nanga yake inahama nacho, na kiungo cha zamani kinakifuata.

Kwa upande wa Google, mwaka 2011 ilianzisha utaratibu wa kuweka kwenye msimbo alama zinazoonyesha ukurasa uliotangulia na unaofuata, ili mfululizo utambulike kuwa ni kitu kimoja. Machi 2019 ikatangaza kwamba haizitumii tena alama hizo, na kwamba kila ukurasa unahesabiwa kama ukurasa mwingine wowote. Maana yake kwa vitendo ni kwamba ukurasa wako wa tano ungelazimika kujitetea wenyewe kwenye utafutaji, wakati una kichwa kile kile cha makala na unaanzia katikati ya habari. Wapo wanaojaribu kulikwepa hilo kwa kuzitaja kurasa zote kwamba anwani yao rasmi ni ukurasa wa kwanza. Hilo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa unaiambia injini ya utafutaji kwamba kurasa za nyuma ni nakala tu za ule wa kwanza, na yaliyomo humo yanaweza yasionekane kabisa mtu akiyatafuta. Anayekata kurasa aache kila moja ijitambulishe kwa anwani yake.

Binti Mbagala

Mwalimu, shikamoo. Nimeshindwa kwenye tanbihi na kwenye steshenari, nakubali. Bado nasimama na kitufe cha "Endelea" kwa zile makala zinazotolewa kidogo kidogo, ambapo sehemu ya pili haijaandikwa wakati ya kwanza inasomwa. Huko kila sehemu inakuwa makala yake, yenye tarehe yake, na lazima kuwe na ukurasa mmoja wa faharasa unaozitaja zote kwa mpangilio, la sivyo anayeingia kwa sehemu ya nne hatajua kwamba kuna tatu zilizotangulia.

Ndugu Mwanakariakoo, ombi moja la msomaji wa kwenye foleni. Juu kabisa, chini ya kichwa cha makala, andika mistari miwili ya kumwambia mtu kwamba makala ni ndefu na inahusu kipindi gani mpaka kipindi gani. Mimi nikijua mapema kwamba ni ya dakika arobaini, naihifadhi niisome nikiwa nyumbani kwenye waifai. Nisipojua, naianza Mtoni kwa Aziz Ali na kuiacha Bandarini.

Mwanakariakoo

Mwalimu, shikamoo, na asanteni sana nyote.

Nimeamua hivi. Makala kubwa inabaki kwenye ukurasa mmoja, na sehemu ya Yanga na Simba naitoa iwe makala yake kama Mwalimu alivyoelekeza. Picha nimeanza kuzipunguza jana usiku. Ile ya duka la vitambaa imeshuka kutoka megabaiti sita hadi kilobaiti mia na tisini, na kusema kweli nikiziweka mbili kwenye simu sioni tofauti, isipokuwa kwamba ile ndogo inafunguka papo hapo. Zile mbili zinazorukisha maandishi nimeziingiza upya kwa njia ya kawaida na sasa zina vipimo. Vichwa vidogo vimekuwa kumi na moja, kila kimoja na nanga yake, na maelezo ya mwanzo aliyoyaomba dada Binti yapo. PDF itafuata nikishamaliza kusahihisha. Shangazi nimemwongezea bando aijaribu tena. Amefika kwenye soko na sasa malalamiko yake ni kwamba nimemsahau mjomba wake aliyekuwa na meza ya viungo pale, ambaye kwa kweli sikuwahi kuambiwa habari zake.

Kijana wa matangazo hajafurahi. Tumekubaliana tangazo moja baada ya sehemu ya wapagazi na jingine kabla ya soko, mahali ambapo msomaji anapumua hata hivyo.

Nina swali moja lililobaki. Sehemu ya mpira ina tanbihi tisa, ambazo kwenye makala kubwa ni namba 22 hadi 30. Nikizihamisha aya hizo kwenda makala mpya, namba zitajipanga zenyewe au nitalazimika kuziandika upya pande zote mbili?

Fundi wa Gerezani

Inategemea ulizitengenezaje. Kama uliandika namba kwa mkono, utazipanga upya kwa mkono, pande zote mbili. Kama ulitumia tanbihi za WordPress yenyewe, zilizoingia na toleo la 6.3 mwaka 2023, namba hujipanga zenyewe: kwenye makala kubwa ile iliyokuwa 31 itakuwa 22 mara tu utakapozifuta aya za mpira.

Tahadhari ni moja, na ifanye kabla ya kugusa chochote. Tanbihi hizo hazihifadhiwi ndani ya aya. Maelezo yake hukaa pembeni, yakiwa yamefungwa kwenye makala husika, kwa hiyo ukinakili aya na kuzibandika kwenye makala mpya unaweza kukuta namba zimekuja peke yake na maelezo hayakuja. Nakili kwanza maelezo yote tisa kwenye faili la pembeni. Bandika aya kwenye makala mpya, ziondoe namba zilizokuja nazo, kisha ingiza kila tanbihi upya kwa mpangilio wake ukichukua maneno kutoka kwenye lile faili. Ukishahakikisha kwamba zote tisa zinafunguka ndipo urudi kwenye makala kubwa na kuzifuta aya za zamani, na anwani ya makala kubwa usiibadilishe, kwa sababu Shangazi na wenzake tayari wanayo.